Jengo Lililojaa kwa Siku Moja

Kama umewahi kupita katikati ya mji ule, hata kwa kupotea njia, basi umesoma maandishi ya Mzee Brashi. Hukuwa na pa kumkwepa. Duka la viatu, yeye. Kliniki ya meno, yeye. USIKOJOE HAPA, yeye tena, mara saba, kwenye kuta saba, maana watu wa mji ule walijua kusoma vizuri sana ila hawakuwa watu wa kushaurika. Kwa miaka arobaini na mbili alikula na kuvaa kwa brashi, kopo la rangi ya mafuta na uzi wa chaki wa kupigia mistari. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, na wateja wakaanza kumsalimia wakiwa wanatembea.

Hata hivyo hakulala njaa, na sababu yake inachekesha kama huna huruma. Mji wenyewe ulianza kuhama. Ilitangulia benki, ikakimbilia majengo mapya kule barabara kuu, penye maegesho ya magari na vyoo vinavyonukia maua. Benki ilipoondoka mawakili wakaifuata. Mawakili walipoondoka, wapiga chapa wakajiuliza watamchapia nani. Likaondoka duka la dawa, ikafuata sinema, ambayo iligeuka ghala la magodoro, kisha ikageuka si kitu. Na kila aliyeondoka alitaka kibao cha mlangoni: TUMEHAMA. Nani akiandike? Mashine za plastiki zilikuwa hukohuko walikohamia. Basi Mzee Brashi akawaandikia wote, mmoja baada ya mwingine, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, safi kabisa, huku moyoni akiwatukana matusi ya nguoni.

Yeye hakuhama. Alikaa ghorofa ya nne ya jengo la pembeni, karibu na posta ya zamani, chumba kimoja cha kulala na kingine cha kazi. Jengo lilikuwa na milango kumi na sita, na iliyokuwa na watu nyuma yake ilikuwa minne tu. Chini kabisa alikuwepo Kinyozi, kijana wa miaka hamsini ambaye bado aliitwa kijana kwa sababu ya mambo yake. Ghorofa ya kwanza alikuwepo Fundi Saa, mtu mrefu, mkimya, aliyetengeneza saa za watu ambao siku hizi wanatazama saa kwenye simu. Ghorofa ya pili ilikuwa ya Mama Vifungo, mshonaji, mjane, mwenye cherehani nzee na ulimi mpya. Na juu kabisa, Brashi. Milango mingine kumi na miwili ilikuwa ya vumbi na njiwa.

Maisha pale, jamani, yalitaka moyo. Lifti ilikufa miaka minane iliyopita na haikuzikwa, ilisimama tu katikati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mlango wazi nusu. Maji yalikuja siku mbili kwa wiki, na yakija hayakupanda. Yaliishia kwenye bomba la uani, na juu uyapandishe mwenyewe. Mifuniko ya mitaro iliibwa, ikawa kila shimo limechomekwa tawi la mti ili usitumbukie. Mabasi nayo yalibadilishiwa njia yakawa hayapiti kabisa. Lakini mwambie Mzee Brashi ahame uone. Angekwambia kwamba akichungulia dirishani pale anausoma mtaa mzima kwa mwandiko wake mwenyewe, sasa aende wapi, akasome maandishi ya nani?

Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyekuwa na uwezo wa kumhamisha, naye ni binti yake.

Binti alikuwa karani wa kampuni kubwa ya bima, kule kwenye majengo mapya, na kampuni ilimpa nyumba ya kuishi. Miaka mitatu nyuma, baba alipopasuliwa jicho, binti alimchukua akakaa naye mwezi mmoja. Mwezi huo Mzee Brashi aliusimulia kama mtu asimuliavyo kifungo. Geti. Mlinzi. Ndala za kuvaa sebuleni na nyingine za kuvaa chooni. Kutwa nzima hapiti mtu wa kubishana naye. Wiki ya kwanza aliandika namba ya nyumba kwenye geti, vizuri, kwa kivuli. Wiki ya pili akaandika TAKATAKA kwenye pipa. Ya tatu aliandika jina la mbwa wa jirani kwenye kibanda cha mbwa, pasipo kuombwa, na jirani akaja kulalamika kwamba jina la mbwa halikuwa lile. Wiki ya nne akarudi kwake, na alipofika ghorofa ya nne alikaa sakafuni akacheka peke yake.

Mwaka uliofuata binti alikuja kumtazama. Akamkuta kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu, ndoo mkononi, anahema kama aliyefukuzwa na nyuki.

"Baba," akasema, "nikija tena nikakuta uko hivi, nakufungia virago siku hiyohiyo. Nakwambia kweli."

Na binti yule, akisema neno, limesemwa. Tabia hiyo aliirithi kwa mama yake, marehemu.

Tangu hapo Mzee Brashi akaanza kupiga chuku. Kila wakiongea kwenye simu, mji unachangamka. Alianza kwa adabu: pampu ya maji imetengenezwa. Ikaja lifti: inapanda na kushuka mpaka inachosha. Halafu wapangaji wapya wakaingia, mmoja, watatu, watano. Mabasi yakarudi, moja kila dakika tatu. Uongo una utamu wake, ukishauonja unataka kijiko cha pili. Kwa miaka miwili aliujenga mji upya kwa mdomo, bila saruji wala kibali cha manispaa, na upande wa pili binti anaitikia, "Vizuri, Baba. Nafurahi. Mimi pia sijambo."

Alhamisi moja simu ikalia mchana.

"Baba, Jumamosi nakuja. Nina jambo la kuzungumza nawe, na si la kwenye simu."

Mzee Brashi aliweka simu chini, akaitazama ndoo ya maji. Jambo gani lingine? Kwisha habari yake. Alijiona tayari na ndala mbili, za sebuleni na za chooni.

Alishuka mpaka kwa Mama Vifungo bila hata kubisha hodi.

"Nisaidie, mama. Mwanangu anakuja kunichukua."

"Na akuchukue," Mama Vifungo akasema bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Nitapumzika na kelele zako dirishani."

"Nimemwambia jengo limejaa."

Cherehani ikasimama. "Limejaa nini? Panya?"

"Wapangaji. Milango yote. Na mabasi. Na… lifti."

Mama Vifungo alimtazama mzee mzima yule kutoka utosini mpaka kwenye viatu vyenye madoa ya rangi, halafu akacheka mpaka akajichoma sindano. Alipomaliza kunyonya kidole akauliza, "Sasa unataka nini kwangu? Nijifungue wapangaji kumi na wawili kabla ya Jumamosi?"

"Wapangaji hawahitajiki. Inahitajika milango. Mlango ukiandikwa, nani anauliza nyuma yake kuna nani? Mimi nimefanya kazi hii miaka arobaini, mama. Watu hawaamini watu, wanaamini vibao."

Hapo, nakiri, alisema kweli tupu.

Ijumaa kutwa nzima Mzee Brashi aliandika. Hakuna aliyemwona akifanya kazi namna ile tangu enzi za benki. Alipiga mistari kwa uzi wa chaki, akaegemeza mkono kwenye fimbo yake yenye kichwa cha kitambaa, na herufi zikawa zinatoka kama zilikuwa zimengoja ndani ya mbao. Ghorofa ya pili: WAKILI WA MAHAKAMA ZOTE. Mlango unaofuata: WAKALA WA SAFARI ZA MBALI NA KARIBU. Ya tatu: CHUO CHA MUZIKI. Kando yake: DAKTARI WA MASIKIO. TAFADHALI USIPIGE KELELE.

"Umeweka daktari wa masikio ubavuni mwa chuo cha muziki," Fundi Saa akasema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza tangu Jumatatu.

"Ndiyo maana anapata wagonjwa."

Ghorofa ya nne, mkabala na chumba chake mwenyewe, akaandika: CHAMA CHA WAFUGA NYUKI. MAKAO MAKUU.

"Nyuki? Ghorofa ya nne?" Mama Vifungo akauliza.

"Makao makuu tu. Nyuki wako kwao."

Wakagawana kazi. Kinyozi angepanda ngazi za nyuma, avae tai na kukohoa ndani ya chumba cha wakili, kwa sababu mawakili hukohoa. Mama Vifungo angehamisha cherehani yake chumba cha safari, ikipiga kelele isikike kama mashine ya kuandikia tiketi. Na Fundi Saa, yule mkimya, ndiye aliyetoa wazo lililowanyamazisha wote. Alikuwa na saa za mezani kumi na nne ambazo wenyewe hawakuzifuata tena. Angezitia kila chumba na kuzitegea kengele zilie kwa zamu. Mtu aliye nje ya mlango angesikia simu za ofisini.

Kazi ingeishia hapo, ingekuwa salama. Lakini Mzee Brashi alikuwa na rangi iliyobaki kwenye kopo, na fundi wa mabango kumwachia rangi iliyobaki ni sawa na kumwachia mlevi ufunguo wa baa. Akachukua ubao mkubwa kuliko yote, akauning'iniza kwenye lango la kuingilia, nyekundu juu ya nyeupe:

SAMAHANI. VYUMBA VYOTE VIMEJAA. USIULIZE.

"Hilo la nini tena?" Mama Vifungo akasema. "Unazidisha chumvi, wewe mzee."

"Ni la kufungia kazi."

"Litakufungia wewe."

Hakusikia. Alikuwa amerudi nyuma hatua tatu, kichwa upande, anaipenda herufi S.

Jumamosi saa nne asubuhi binti akafika. Mzee alipanga kumngoja dirishani, lakini dakika za mwisho alipiga teke kopo la tapentaini, akawa amepiga magoti anafuta sakafu alipoitwa kutoka chini. Akateremka haraka kadiri goti lilivyomruhusu, wakakutana ghorofa ya kwanza. Binti alikuwa amekonda kidogo. Akamkumbatia baba yake kwa nguvu, muda mrefu kuliko kawaida, na mzee akawaza, ananipima uzito.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umependeza. Samahani kwa lifti, fundi ameifungua leo asubuhi kuipaka grisi. Siku zote inafanya kazi. Leo tu."

"Nimesoma bango pale chini," binti akasema.

"Eeeh! Umeona? Watu tunawafukuza!"

Wakapanda. Ghorofa ya pili, nyuma ya mlango wa wakili, mtu akakohoa. Akakohoa tena. Akakohoa kikohozi cha tatu kirefu, chenye mbwembwe, kikohozi cha mtu mwenye digrii mbili.

"Mgonjwa?" binti akauliza.

"Anajiandaa kwa kesi."

Mlango wa pili, cherehani ikanguruma. Tiketi hizo, mzee akaeleza, watu wanasafiri sana siku hizi. Binti akatikisa kichwa polepole. Alisimama kidogo mbele ya mlango wa wakili, akaupapasa kwa macho.

"Hiki ndicho kile chumba chenye dirisha kubwa la barabarani?"

"Hichohicho! Walikigombania watu watatu. Nusura wapigane."

Ghorofa ya tatu ndipo hatari ilipoingia. Kwenye chuo cha muziki kengele ikalia, trrrrr, kama simu hasa, na Mzee Brashi akavimba kifua. Ikalia. Ikaendelea kulia. Ya daktari wa masikio nayo ikaamka. Kisha tatu kwa pamoja, ile ndogo yenye sauti ya mbu, ile kubwa ya chuma, na moja iliyopiga wimbo wa harusi.

"Mbona hawapokei?"

"Wamezidiwa na kazi, maskini. Twende, twende, tusiwasumbue."

Nyuma yao Fundi Saa alionekana akivuka korido kwa ncha za vidole, saa zake nne kifuani, uso mkavu kabisa. Binti aligeuka. Fundi Saa akainama kidogo kwa heshima, akasema, "Profesa," kisha akaingia kwa daktari wa masikio na kufunga mlango. Mpaka leo hakuna anayejua alikusudia kumwita nani profesa.

Ndani kwake mzee alichemsha chai. Binti alikaa kwenye kiti cha mkono mmoja, akazungusha kikombe bila kunywa.

"Na chumba chako cha kazi, Baba, bado unakitumia?"

Mtego, mzee akajiambia. Nikisema hapana, atasema mimi nimezeeka.

"Kutwa! Kazi zimefurika. Hata pa kuegemeza ngazi hakuna."

"Na wewe mwenyewe, huhitaji mtu? Wa kukusaidia hiki na kile?"

Mtego mwingine huo, tena mkubwa.

"Mimi? Mwanangu, hapa nina watu hadi nawakimbia. Sihitaji mtu yeyote. Yeyote!"

Alilipigia neno lile msumari. Binti akatazama kikombe chake. Mzee akamwongezea chai ambayo haikuwa imepungua.

"Ulisema una jambo," akasema hatimaye.

"Aa, hapana. Nilitaka kukuona tu." Binti akasimama, akatabasamu. "Nimefurahi, Baba. Kwa kweli una maisha mazuri. Acha niende nisikucheleweshe na kazi zako."

"Nikusindikize?" mzee akauliza, kisha akakumbuka ngazi, na goti, na jinsi ambavyo angeshika ukuta kila hatua mbele ya macho yale. "Ila kuna mteja namngoja. Mkubwa sana."

"Usijali. Najua njia."

Akashuka peke yake. Baba mtu hakumsindikiza mwanawe hata mpaka kwenye korido.

Mlio wa viatu ulipopotea chini, Mzee Brashi alirusha kofia juu. Mama Vifungo akapanda, Fundi Saa akapanda na saa zake, wakacheka, wakaigiza vikohozi, wakamsifu mfuga nyuki ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mzee alikuwa amepanda juu ya kiti anasimulia wimbo wa harusi, ndipo Kinyozi alipoingia. Bado alikuwa na tai. Alishika mlango kwa mikono miwili, hana pumzi.

"Mzee… binti yako…"

"Ameondoka! Tumemshinda!"

"Ameondoka na begi."

"Begi gani? Hakuwa na begi."

"Aliliacha kwangu alipofika. Begi kubwa, na kifurushi cha blanketi, na sufuria imefungwa kwa kamba. Mimi nilikuwa na haraka ya kuja kukohoa, sikumuuliza. Sasa ameshuka kuvichukua, nikamwona anajifuta macho. Nikamwambia, vipi dada, unasafiri? Akasema hapana, nilikuja kumwomba Baba anitafutie chumba hapa, lakini nimekuta bango."

Hakuna aliyecheka tena. Saa moja mikononi mwa Fundi Saa ilianza kulia, naye akaikandamiza tumboni mpaka ikanyamaza. Mama Vifungo akaokota kofia ya mzee sakafuni, akamnyooshea.

Mzee Brashi alishuka kwenye kiti. Hakuchukua kofia. Alizishuka ghorofa nne akishika ukuta, hajali nani anamwona, na kila ghorofa ilikuwa na milango yake iliyoandikwa vizuri, na yeye aliipita akiona aibu kama mtu aliyekutwa uchi. Kwa mara ya kwanza maishani hakutaka kusoma mwandiko wake.

Alimkuta kona ya pili, nje ya lile lililokuwa duka la dawa. Binti amekaa juu ya begi, sufuria miguuni, anangoja basi.

Mzee akasimama mbele yake anahema.

"Hapa mabasi hayapiti," akasema.

"Nimeshaona. Nimekaa dakika kumi. Ulisema kila dakika tatu."

"Nilidanganya."

Binti akainua macho.

"Na wakili?"

"Kinyozi."

"Safari za mbali na karibu?"

"Cherehani ya Mama Vifungo."

"Simu?"

"Saa za mezani. Hakuna mtu, mwanangu. Milango kumi na miwili, hakuna mtu hata mmoja. Na nyuki pia hakuna."

Binti alijaribu kujizuia. Bega likatikisika, kisha la pili, akaangua kicheko katikati ya mtaa mtupu, mpaka njiwa wa posta wakaruka. Mzee naye akaanza kucheka, akidhani amesamehewa. Mara kicheko cha binti kikakatika.

"Miezi mitatu," akasema, na sauti ilikuwa ya mama yake hasa. "Kampuni imefunga tawi. Kazi imekwenda, na nyumba ilikuwa yao, nayo imekwenda. Miezi mitatu nalala sebuleni kwa rafiki yangu, naamka kabla watoto wake hawajaamka nikunje godoro. Na wewe una vyumba kumi na viwili vya njiwa, unaniwekea bango!"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe uliniambia nini?"

Hapo mzee akatazama kulia na kushoto. Akataka kukaa, hakuna pa kukaa, akasimama hivyohivyo mikono ikining'inia.

"Nilijua umekuja kunichukua," akasema. "Ulisema ukikuta hali mbaya utanichukua. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kweli."

"Nikuchukue nikupeleke wapi, Baba? Sina kwangu."

Alilisema taratibu, bila ukali, na lilimchoma mzee kuliko yale ya ukali yote. Akamwona sasa vizuri, alivyokonda, kamba ya sufuria ilivyofungwa mafundo mawili, na akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyokataa, swali kwa swali, pale juu, kwa fahari. Machozi yakamtoka mzee mzima mchana kweupe, na hakuyaficha.

"Nilikwambia sihitaji mtu," akasema. "Hilo ndilo kubwa kuliko mengine yote niliyokudanganya. Jengo lile kimya, wewe. Wale watatu wana kazi zao. Kuna siku nashinda juu sisemi neno, mpaka jioni nikiita mtu sauti inatoka kama si yangu. Juzi nilikaa naisomea rangi maandishi ya kopo lake. Kwa sauti. Mara mbili."

Binti akasimama kutoka kwenye begi.

"Chenye dirisha la barabarani," akasema, "nacho kimepangishwa kwa wakili?"

"Wakili amefukuzwa leo. Wakala wa mwenye nyumba atakupa ufunguo akiruka kwa furaha. Kuna vumbi, sikufichi. Na lifti ile haijapakwa grisi, imekufa. Na maji…"

"Baba."

"Naam."

"Inatosha ukweli kwa leo. Shika huku."

Mzee Brashi akashika upande mmoja wa begi, binti akashika wa pili na kutia sufuria kwapani. Begi lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana, wakawa wanasimama kila baada ya nyumba mbili kupumzika.